Meno Si Ugonjwa

Kutus, 22 Februari 2025

Tata Monicah,

Nimeandika uongo mara kumi na moja, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Hata Mama hajui.

Nisamehe kwa kuanza hivi kabla ya salamu. Niliogopa kwamba nikianza na salamu nitaimaliza karatasi kwa salamu, kama ninavyofanya kwenye simu. Ukinipigia mimi husema "sawa, Tata" hata pale ambapo si sawa, halafu nakata. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Ndiyo maana nimekutumia barua kwenye kaunta ya vifurushi, kama mtu anayetuma mzigo wa nyanya.

Basi, hujambo? Baba Dedan hajambo? Na Dedan mwenyewe? Mama alinipigia Jumapili kutoka Karatina. Anasema goti linamsumbua kwa kusimama sokoni, lakini sauti yake ilikuwa na furaha. Anawaambia wanawake wote wa soko kwamba wewe, dada yake mdogo, uko ofisi kubwa ya utafiti Nyeri, na kwamba umenipatia kazi miezi mitatu tu baada ya mtihani. Chumba changu hapa Kutus ni kizuri, mbu tu ndio wengi.

Sasa jambo lenyewe. Fomu yetu unaijua kuliko mimi. Swali la arobaini na moja linamuuliza mama kama mtoto ameendesha, yaani kupata choo cha maji, katika wiki mbili zilizopita. Nikibonyeza HAPANA, tableti inaruka kwenda mbele. Nikibonyeza NDIYO, yanafunguka maswali kumi na tisa: siku ngapi, mara ngapi, kulikuwa na damu, alipewa nini, alipelekwa wapi. Ni karibu nusu saa ya kumsimamisha mtu shambani.

Eneo la kumi na saba, la kwanza kwangu, ni kijiji cha wakulima wa mpunga, na maji ya kunywa wanayateka kwenye mfereji ule ule wa mashamba. Tulifika wakati wa palizi. Nilitambua mapema kwamba "wiki mbili" si kitu wanachokihesabu, kwa hiyo nilikuwa nauliza "tangu mfereji ufungwe", kwa sababu ulifungwa siku kumi na nne kabla, wakabaki wakiteka maji yaliyotuama. Wakiulizwa hivyo wanakumbuka kila kitu.

Wa kwanza aliitwa Nduta. Alikuwa na matope mpaka magotini, na mtoto wake Mutahi, wa miezi kumi, alikuwa mgongoni.

"Tangu mfereji ufungwe, mtoto ameendesha?"

"Aah, hapana. Ni meno tu inatoka."

"Lakini choo ni cha maji?"

"Ni ya maji, eeh. Mara saba, mara nane kwa siku. Si nimekwambia ni meno? Wewe bado hujazaa, utajua tu." Wenzake waliokuwa wameinama kwenye mpunga wakacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Gatimu, kiongozi wetu wa timu, alikuwa ameegemea pikipiki. "Karani, si amesema hapana? Bonyeza twende. Meno si ugonjwa."

Nikabonyeza HAPANA. Baada ya Nduta walifuata wengine kumi waliosema meno, na wote nikawafanya hivyo hivyo. Katika watoto ishirini na wanane niliandika NDIYO kwa wawili tu. Hesabu ya kweli ni kumi na watatu.

Uliniambia wewe mwenyewe kwamba takwimu zinafungwa tarehe thelathini Aprili, na kwamba mabomba ya maji safi yatapelekwa vijiji vyenye watoto wagonjwa wengi. Kwa nilivyoandika, kijiji hiki kitaonekana kina afya kuliko Nyeri mjini. Tafadhali nifungulie fomu za eneo la kumi na saba nirudi.

Wako,
Wamucii


Nyeri, 12 Machi 2025

Wamucii mwanangu,

Mimi sijambo na sisi wote hapa hatujambo, ila baridi. Barua yako ilikaa kaunta siku kumi na mbili chini ya katoni za vifaranga, na ilinifikia ikinuka hivyo. Dedan amepoteza sweta ya shule kwa mara ya pili muhula huu. Mwambie mama yako aache kusimama siku nzima, atafute kiti, soko halitakimbia.

Juu ya kazi, usijisumbue. Kila karani mpya hupitia hapo. Akina mama wengine husahau, wengine huongeza, na mwishoni mambo hujisawazisha. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Wewe uliandika alichosema mama. Alisema hapana. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa, si kumbishia mtu juu ya mtoto wake.

Fomu zikishatumwa hazifunguliwi ovyo. Gatimu ana uzoefu, msikilize.

Unakula vizuri? Siku nyingine nipigie simu. Karatasi husomwa na watu.

Tata yako,
Monicah


Kutus, 15 Machi 2025

Tata Monicah,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mama hajambo, amepata kiti, ni ndoo iliyopinduliwa. Mvua imeanza huku na barabara za mashambani zimekuwa uji. Mimi ninakula.

Ulisema mambo hujisawazisha. Nimelifikiria neno hilo siku mbili nzima. Kama mama mmoja angesahau na mwingine akaongeza, ningekubali. Lakini hawa kumi na mmoja hawakusahau kitu, Tata. Walinitajia mara ngapi kwa siku, walinitajia vitambaa vilivyoisha. Wote wameanguka upande mmoja, na ni sisi tuliowasukuma.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo hutaamini. Nilimwendea Gatimu mbele ya timu yote nikamwambia nataka kurudi eneo la kumi na saba.

"Ati kurudi?" akasema. "Wewe jana ulikuwa na nyumba tatu, wenzako wako na saba saba. Sasa unataka kurudi nyuma kama kaa?"

"Tuliandika vibaya. Meno—"

"Hebu ngoja, mtoto wa ofisi." Wote wakacheka. Hilo ndilo jina langu huku, mtoto wa ofisi. Akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni. "Unafikiri hii ni akili yangu? Hii imetoka juu. Soma, wewe si umemaliza shule juzi?"

Nilisoma. Ilikuwa na mstari mmoja tu, umepigiwa mstari chini: Kuendesha kwa sababu ya meno, andika HAPANA. Hapakuwa na jina wala sahihi.

"Imetoka juu wapi?"

"Nyeri. Uliza tata yako."

Basi ninakuuliza. Nani aliandika ile karatasi?

Wamucii


Nyeri, 24 Machi 2025

Wamucii,

Hatujambo. Dedan ana mitihani wiki hii.

Nitakueleza jambo moja ili uelewe unachezea nini. Miaka miwili iliyopita tulifanya utafiti kama huu upande wa Murang'a. Makarani waliandika NDIYO kwa kila kikohozi na kila choo chepesi. Takwimu zilipofika Nairobi zilionekana kubwa mara tatu kuliko za sehemu nyingine, wakasema kazi ni mbovu, wakaitupa yote. Watu kumi na wanane walirudishwa nyumbani siku moja. Wengine walikuwa na watoto wadogo. Mimi ndiye niliyewasomea majina. Wewe hukuwako.

Tangu hapo tuna taratibu, na taratibu hizo zinawalinda watu kama wewe. Nilikuombea kazi hii kwa jina langu. Usinifanye nijute, na usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Monicah


Kutus, 2 Aprili 2025

Tata Monicah,

Mama hajambo. Mimi sijambo mwili tu.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta jibu la swali langu. Hukuniambia uliandika wewe, na hukuniambia hukuandika. Kama si wewe, ingekuwa rahisi sana kusema.

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Kutus. Nduta aliingia na Mutahi. Tata, mtoto alikuwa halii tena, hata machozi hayakuwa yanatoka, na utosi ulikuwa umebonyea kiasi kwamba kidole kingekaa. Mwenye duka alikataa kuuza chochote, akasema huyu ni wa hospitali sasa hivi. Tulikimbia naye pamoja. Alitiwa maji ya mishipa siku nne. Yuko hai, nimeenda kumwona, ameanza kunyonya. Lakini pale kwenye benchi Nduta alinitazama sana, halafu akaniuliza, "Si wewe ndiye uliandika mtoto wangu kwa ile mashine? Uliandika nini?"

Nikasema, "Niliandika." Nikaishia hapo. Siwezi kukueleza nilivyojichukia.

Halafu nikiwa kwenye benchi lile nikakumbuka benchi lingine. Mwaka 2017 nilikuwa kwenu likizo, Dedan akiota meno. Aliendesha siku mbili tu, ukamfunga shali ukampeleka hospitali, na siku ya nne ukampeleka tena. Mimi ndiye niliyebeba begi la nepi. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi alikucheka, akasema hayo ni meno tu, utazoea. Ukamjibu kwa ukali mpaka nesi akageuka: "Meno hayamkaushi mtoto. Huyu ni mgonjwa."

Kwa hiyo ulijua. Hukudanganywa na mtu wala hukukosa elimu. Dedan akiendesha ni mgonjwa. Mutahi akiendesha ni meno. Tofauti yao ni nini? Ni kwamba mama yake Mutahi ana matope miguuni?

Nimekuwa mtu wa kunyamaza maisha yangu yote na kila mtu husema ni adabu. Mimi nadhani watu wanapenda tu nikiwa kimya. Nakuuliza kwa mara ya mwisho nani aliandika ile karatasi. Nisipopata jibu kabla ya tarehe ishirini nitaandikia Nairobi, na jina la kwanza kwenye barua hiyo litakuwa langu.

Wamucii


Nyeri, 13 Aprili 2025

Wamucii,

Ni mimi.

Niliiandika Ijumaa moja jioni, nikiwa nimevaa koti tayari kwenda nyumbani. Kiongozi mmoja alipiga simu akauliza akina mama wakisema meno waandike nini. Nilikumbuka ile siku ya majina kumi na wanane, nikaandika mstari mmoja, nikautuma kwa wote. Haikuchukua dakika kumi. Takwimu zilipokuja zilifanana na za sehemu nyingine, tukapongezwa. Ningependa kukuambia kwamba nilisumbuka. Sikusumbuka hata kidogo mpaka nilipoisoma barua yako ya tarehe mbili, na hata sasa ninaposumbuka nakasirika na wewe kwanza, halafu na mimi.

Sikia sasa yanayowezekana. Eneo zima linaweza kuulizwa upya kabla ya tarehe thelathini kwa njia moja tu, nayo ni ripoti ya kosa la karani. Karani anaandika kwamba hakuelewa swali, anatia sahihi, eneo linarudiwa. Baada ya hapo karani anaondolewa kazini, na jina lake haliitwi tena katika utafiti wetu wowote. Ni eneo lako tu. Karatasi yangu haitatajwa. Nikiitaja, ninayetoka ni mimi, na unajua Baba Dedan yuko nyumbani bila kazi tangu mwaka jana.

Ripoti nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sikulazimishi. Ukiirudisha bila sahihi, nitaelewa.

Monicah


Kutus, 16 Aprili 2025

Tata Monicah,

Hii hapa, nimetia sahihi. "Sikuelewa swali." Huu ni uongo wa kumi na mbili, na huu hakuna aliyenisukuma nikiwa nimechoka. Nimeukalia mezani, nikautazama, nikauandika.

Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika, utaona mwenyewe. Unanifanya mimi, niliyeuliza, niwe mjinga ambaye hakuelewa, ili wewe uliyeelewa ubaki ofisini. Na bado nimetia sahihi, kwa sababu nikianza kubishana na wewe tarehe thelathini itapita na watoto wale wataendelea kunywa mfereji.

Nina sharti moja. Ile karatasi itoke kwenye koti la Gatimu na kwenye makoti ya viongozi wote. Sijali utatumia jina gani. Barua yako ya tarehe kumi na tatu ninayo.

Wamucii


Karatina, 3 Mei 2025

Tata Monicah,

Natumaini hamjambo. Sisi hapa hatujambo. Mvua ni nyingi na kuku wa Mama ameangua tisa.

Sikupata barua kutoka kwako. Lakini tarehe ishirini na moja simu ya Gatimu ililia tukiwa tunakunywa chai, akasoma ujumbe kwa sauti: "Meno au si meno, choo kikiwa cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, andika NDIYO." Haukuwa na jina. Akatoa ile nailoni kwenye koti, akaitazama, akaitazama sura yangu, akasema tu, "Kumbe mtoto wa ofisi anauma." Hakuna aliyecheka. Halafu akanipakia kwenye pikipiki na turubai, akanipeleka eneo la kumi na saba mwenyewe, siku mbili, na hakunihimiza hata mara moja.

Utakuwa umeziona takwimu, lakini nataka uzisome kwa mkono wangu. Tuliuliza juu ya wiki mbili zilizopita, kama fomu inavyotaka, yaani wiki mbili za Aprili. Watoto ishirini na wanane, NDIYO kumi. Kijiji kitahesabiwa. Lakini ugonjwa wa wale kumi na mmoja wa Februari haumo. Baadhi yao wamepona, wengine wameendesha tena na wamo kati ya hawa kumi, na kule kuumwa kwao kwa Februari hakutaandikwa popote tena. Nililifahamu hilo nikiwa mlango wa nyumba ya tatu.

Kwa Nduta nilienda mwisho. Mutahi alikuwa amekaa kwenye gunia anatafuna kijiko. Nilimwambia Nduta kabla hajauliza: siku ile ulipotaja mara saba, mara nane, niliandika kwamba mtoto wako hakuendesha.

Alimtoa Mutahi kijiko mdomoni. Halafu akasema, "Lakini wewe ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Na mimi nikakwambia ni meno, ukaniona mjinga, ukaandika ujinga wangu."

"Sikukuona mjinga. Nilikuwa na haraka, na niliogopa watu."

"Haraka ya kwenda wapi?" Alikuwa amepandisha sauti mpaka majirani wakatoka nje. "Mtoto amelala na sindano siku nne! Haraka ya wapi?" Mwishowe akafuta mikono kwenye leso, akaja kusimama nyuma yangu, karibu mpaka nilisikia pumzi yake. "Sasa uliza tena. Na nione kidole."

Nikauliza. Akasema ameendesha tena, siku tatu, wiki iliyopita. Nikabonyeza NDIYO. Akayajibu maswali yote kumi na tisa amesimama pale pale, na hakuondoa macho kwenye kioo mpaka tukamaliza.

Siku iliyofuata niliirudisha tableti.

Sijakusamehe, Tata. Nakuambia waziwazi kwa sababu hatujaambiana waziwazi tangu Februari. Kuna maeneo kumi na sita ambayo timu iliyapita kabla sijajiunga nayo, yote na ile karatasi kwenye koti, na hakuna aliyeyarudia. Nikiyafikiria nataka kuvunja kitu. Wewe unayajua kwa namba, mimi nawajua akina mama wa namna hiyo kwa sura.

Lakini si hilo ninalokuandikia leo. Ni Mama.

Nilipofika nyumbani na begi alitaka kujua kwa nini nimerudishwa, nikamwambia kile kilichoandikwa kwenye ripoti, kwamba sikuelewa swali. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ndoo yake, akasema, "Dada yangu alikutafutia kazi kwa jina lake, na wewe umeshindwa kuuliza swali moja." Tangu siku hiyo haonekani sokoni upande wa wale wanawake aliokuwa akiwasimulia habari zako. Anaona aibu, na aibu anayoiona ni ya kwako.

Jumamosi ijayo anakuja Nyeri. Amechimba nduma, amechagua na jogoo. Anakuja kukuomba msamaha kwa ajili yangu, ana kwa ana, kwa goti lile bovu. Nimejaribu kumzuia kwa kila njia ila ile moja ambayo ingemzuia.

Barua yako ya tarehe kumi na tatu nimeichoma jikoni asubuhi hii, kwa hiyo usiogope karatasi. Na wewe usiende kujisafisha moyo mbele yake. Najua utataka, ukimwona na jogoo mkononi. Akijua ukweli hatavuka mlango wako tena, na dada mwingine hana. Mpokee, mkalishe kwenye kiti kizuri, na akisema, "Nisamehee huyu mtoto," mwambie umenisamehe. Sema hivyo hivyo. Itakuuma, na ninataka ikuume. Halafu kula nduma zake, na jambo hili libaki kwako, usimwambie mtu.

Wamucii